Kiti cha Koko Léontine

Gari la Tony lilivaa vizuri kuliko Tony mwenyewe.

Tony alikuwa na suruali mbili za kazi, na moja ilikuwa na kiraka. Lakini gari lake! Viti vyote vilivaa kitambaa cha kikwembe, cha buluu chenye samaki wa njano. Usukani ulivaa kikwembe. Sehemu ya mbele, chini ya kioo, ilivaa kikwembe chenye malinda kama meza ya harusi. Hata kijiti cha kubadilisha mwendo kilikuwa na kisketi chake.

Aliyelivisha ni mke wake, Chancelle. Yeye ni mshonaji wa mtaa wa Kataki, mjini Kalemie. Ana watoto wawili: Chérubin, mvulana wa miaka sita, na Léo, msichana wa miezi minane. Chancelle alishona siku nne nzima. Watu waliopita walisema, "Mama Chérubin, gari hili linakwenda kuolewa wapi?" Naye alicheka, pini mdomoni, akajisikia amerefuka kidogo.

Gari lilitoka Ujapani. Likapita Kigoma, likavuka ziwa, likashuka bandarini ambako Tony anaandika mizigo. Lilifika na vitu viwili ambavyo hakuna mtu nyumbani aliyevielewa.

Cha kwanza kilikuwa kiti kidogo cha plastiki chenye mikanda. Kilikuwa nyuma, mahali pa mizigo. Chancelle alikiweka barazani, na Léo akawa anakula uji humo. Mikanda ilikuwa inaingia ndani ya uji, basi wakaifunga nyuma ya kiti kwa kamba.

Cha pili kilikuwa picha ndogo, imebandikwa kwenye kile kibao cha kuzuia jua. Ilionyesha mtoto amekaa. Mbele yake kulikuwa na kitu kikubwa cha duara. Juu ya yote kulikuwa na mstari mwekundu wa kukataza.

Tony aliitazama kama mtu aliyesoma.

"Ni rahisi," akasema. "Wajapani wanakataza watoto kucheza mupira mu gari."

"Wajapani wako na akili," akajibu Chancelle.

Siku ya ubatizo wa Léo ilikuwa inakaribia. Léo alipewa jina la mama yake Tony, Koko Léontine, anayekaa upande wa Lubuye. Kwa hiyo bibi na mjukuu walikuwa ndoyi, watu wa jina moja. Na ndoyi ana haki zake. Katika ukoo ule, ndoyi ndiye anayempakata mtoto siku ya ubatizo. Kama kuna gari, anakaa mbele, karibu na dereva, dirisha wazi, honi ikilia, mji mzima uone.

Shida ni kwamba gari halikuwahi kuwapo. Wajukuu wengine walikwenda kubatizwa kwa miguu au kwa baiskeli, na mmoja juu ya lori la mchanga. Safari hii gari lilikuwepo. Koko alikwisha kushonesha nguo. Majirani wa Lubuye walisema kwamba kila jioni alikuwa anafanya mazoezi ya kupunga mkono.

Lakini honi ikaugua. Tony akibonyeza, ilitoa sauti kama ya kifaranga chenye mafua.

"Ubatizo bila honi ni kama mazishi," akasema. "Twende kwa Papa Gaspard."

Fundi Gaspard ni jirani yao. Alitengeneza magari miaka mingi Lubumbashi kabla ya kurudi Kalemie. Siku ya Jumatano, familia yote ikaenda kwake. Chancelle alikaa mbele, Léo magotini. Chérubin alisimama nyuma, katikati ya viti viwili vya mbele, akimpumulia baba yake shingoni. Ndivyo walivyosafiri siku zote.

Gaspard alitoka chini ya lori akipangusa mikono.

"Tony! Umeniletea gari ao bibi-arusi?"

"Bibi-arusi hana sauti, Papa Gaspard. Sikia honi."

Gaspard akashika usukani, akabonyeza, akacheka.

"Honi haina ugonjwa. Mumeifunika kikwembe, na ndani mumeweka sponji. Ata wewe ukifunikwa hivi, utaimba?"

Akavuta kile kifuniko. *Piiiii!* Kuku wa jirani wakakimbia. Léo akashtuka, kisha akapiga makofi.

Gaspard akageuka kumtazama mtoto. Akaacha kucheka.

"Mama Chérubin, huyu mutoto anakaa hapo kila siku?"

"Kwa magoti yangu, ndiyo. Atakaa wapi tena, Papa Gaspard? Juu ya paa?"

"Na siku ya ubatizo?"

"Hapa hapa. Kwa magoti ya koko yake."

Gaspard akaweka kile kifuniko chini. Akaingia ndani ya kibanda chake, akatoka na kitu cheupe kilicholegea kama foronya kubwa. Akampa Chancelle akishike.

Vidole vya mshonaji vikaanza kazi vyenyewe. "Kitambaa kigumu. Mushono mara mbili. Nani ameshona?"

"Kiwanda. Huu ni mufuko wa hewa. Nimeutoa mu gari lililogonga. Gari lenu liko na mbili, zimekunjwa. Moja iko mu usukani. Ingine iko pale pale, chini ya malinda yako."

Chancelle akayatazama malinda yake kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka chini ya kitanda.

"Inafanya nini?"

"Gari likigonga kitu kwa nguvu, mufuko unajaa na kutoka. Kabla hujafumba jicho, umekwisha kutoka. Muntu mukubwa aliyefunga mukaba, unamupokea kichwa na kifua asigonge kioo. Kwake ni rafiki. Kwa mutoto ni ngumi. Mutoto ni mufupi, iko karibu sana, na shingo yake ni laini. Akikaa kwa magoti, mbele kuna mufuko, nyuma kuna wewe na kilo zako zote."

"Na kilo ziko," akasema Tony.

Chancelle akamtazama. Tony akatazama angani.

"Lakini picha haikuwaambia?" akauliza Gaspard. Akakishusha kile kibao cha jua.

"Picha inasema mambo ya... mupira," akasema Tony kwa sauti ndogo.

"Mupira gani?"

Tony akaeleza. Gaspard akacheka mpaka akashikilia mlango asianguke.

"Tony, mwanangu! Huo mupira njo mufuko wenyewe! Picha inasema: kiti cha mutoto kisiwekwe hapa!"

Tony aliona aibu, na mtu mwenye aibu hutafuta pa kujitetea. Akakunja mikono ya shati. "Sawa. Lakini mama hawezi kuachia mutoto wake. Ata mimi, tukigonga, namukamata. Mikono hii inabeba mizigo ku bandari."

"Wewe unaandika mizigo," akasema Chancelle.

"Leteni papai," akasema Gaspard.

Papai likaletwa, kubwa, la kilo tatu. Tony akakaa mbele, akalikumbatia kama mwana. Gaspard akakaa kwenye usukani.

"Funga mukaba."

Tony akatafuta kulia. Akatafuta kushoto. Mkanda haukuwepo. Wote wakamgeukia Chancelle.

"Niliona zinaharibu mapambo," akasema polepole. "Nilizishonea ndani."

Gaspard akanyoosha mkono kumpa mkasi. Chancelle akaukataa. "Kikwembe ni changu, makasi itakuwa yangu." Akatoa mkasi wake mfukoni, akavuta pumzi, akakata. Samaki mmoja wa njano akabaki na kichwa huku, mkia kule. Mkanda ukatoka.

Gari likaondoka, mwendo wa baiskeli inayoshuka kilima, si zaidi. Gaspard akakanyaga breki.

Papai likaruka. Likagonga malinda, likapasuka, mbegu zikatawanyika kama mchanga mweusi. Tony alikuwa bado amekumbatia hewa.

Watoto wa barabarani wakashangilia. Tony mwenyewe akacheka. Chancelle hakucheka. Papai lilikuwa la kilo tatu. Léo ana kilo nane.

"Na hapo sijakimbia," akasema Gaspard. "Kwa mwendo wa barabara, mutoto wa kilo nane anavuta mikono kama magunia mawili ya mahindi. Nani anaweza kukamata magunia mawili?"

"Mukaba mumoja ukitufunga wote wawili, mimi na yeye?" akauliza Chancelle.

"Mubaya zaidi. Utamukandamiza yeye ku mukaba kwa uzito wako."

"Basi tuutoe huo mufuko!"

"Apana. Huo unakulinda wewe. Funga mukaba, sukuma kiti nyuma kidogo, usiweke kitu juu ya mufuko, ata malinda. Watoto wakae ku kiti cha nyuma mpaka miaka kumi na miwili, kumi na mitatu hivi. Na mutoto muchanga iko na kiti chake. Cha plastiki, chenye mikaba."

Tony na Chancelle wakatazamana.

"Yesu wangu," akasema Chancelle. "Kiti cha uji!"

Chérubin alitumwa. Alirudi mbio, kiti kichwani kama kofia. Gaspard akakikwangua uji, akakigeuza, akakagua plastiki kama ina ufa. Hakukuwa na ufa. Akavuta mikanda, akafunga na kufungua kifungo chake mara kumi. Kikakubali. Chancelle akatoboa kikwembe ili mikanda mingine itoke, na Gaspard akakifunga kile kiti nyuma kwa mkanda wa gari, na kukiegemea kwa goti mpaka kikaacha kutikisika.

"Uso wa Léo uangalie nyuma," akasema. "Gari likigonga, mugongo wa kiti utamupokea mwili wote, kichwa na shingo. Kaza mukaba mpaka kidole kimoja tu kinapita kati yake na kifua. Usimufunge amevaa vikwembe vinene. Funga kwanza, kisha umufunike."

"Na mimi?" akauliza Chérubin.

"Wewe hutasimama tena kama mukusanya tiketi. Utafutiwe kiti cha kukuinua. Mukaba upite juu ya bega na chini ya tumbo, ku mifupa ya kiuno. Usipite ku shingo. Na siyo muto wa kulalia, muto unateleza."

Tony akasema ataagiza kiti hicho Kigoma, kwa watu wa boti. Kila kitu kikawa sawa. Halafu Gaspard akauliza:

"Na Koko Léontine, nani atamwambia?"

Tony akamtazama Chancelle.

"Ni mama yako," Chancelle akamwambia mumewe.

Ijumaa Tony akaenda Lubuye. Akarudi jioni, ameshiba, na samaki wawili mkononi.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia... inaweza kunyesha Jumapili."

Jumapili asubuhi uwanja wao ulijaa watu. Mvua haikunyesha. Koko Léontine alifika na nguo mpya ya zambarau na kilemba kirefu kama mnara. Akamchukua Léo, aliyevaa gauni jeupe. Akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa mbele, akaufungua.

Tony akaanza kukagua tairi ambalo halikuwa na shida yoyote.

Ikabaki kazi ya Chancelle. Kwa miaka minane ya ndoa hajawahi kumwambia mama mkwe wake "hapana", hata juu ya chumvi ya mboga. Na sasa alipaswa kulisema mbele ya watu wote. Lakini kila alipomtazama Léo, aliona papai.

"Mama," akasema. "Tafadhali. Musikae hapo na mutoto."

Watu wakageuka kumtazama.

"Nikae wapi?"

"Nyuma, Mama."

"Nyuma!" Kilemba kikatetemeka. "Nimezaa watoto saba. Hakuna ata mumoja aliyeniponyoka mu mikono. Leo njo siku yangu na ndoyi yangu, na wewe unanitupa nyuma kama gunia la mihogo?"

Chancelle akaeleza. Mfuko, papai, magunia mawili. Alieleza yote. Koko alisikiliza, mkono wake bado uko mlangoni.

"Papai siyo mutoto," akasema mwishowe. "Papai halina ndoyi."

Watu wengine wakacheka. Chancelle akaona mguu wa Koko unainuka kuingia. Akatafuta neno, neno lolote.

"Mama, wakubwa wa serikali wakifika ku Kalemie, mu gari wanakaa wapi?"

Mguu ukasimama hewani. Koko akafikiri.

"Nyuma."

"Na mbele, karibu na dereva, anakaa nani?"

"Mulinzi."

"Basi leo mulinzi wenu ni mimi. Mimi nitakaa mbele. Ninyi na ndoyi wenu mukae nyuma, kama wakubwa."

Koko Léontine akakitazama kiti cha mbele. Akakitazama cha nyuma. Akawatazama watu. Akanyoosha kilemba chake.

"Mulinzi," akasema, "nifungulie mulango."

Uwanja mzima ukapiga vigelegele. Tony akaacha lile tairi.

Chancelle akamfunga Léo, akapima kidole kimoja. Akamfunga Chérubin kwenye kiti chake kipya cha Kigoma. Koko akakaa katikati yao kama askofu.

"Ata mimi nifunge mukaba?"

"Ata wakubwa, Mama."

Wakaenda kanisani, honi ikilia. Koko alipunga mkono kwa watu wote, na kwa mbuzi wawili. Léo akabatizwa, akalia kwa sauti ya kutosha.

Kurudi, wakapita kwa mama mmoja anayeoka mikate kuchukua gato, keki ya sherehe. Chancelle akafunga mkanda wake, akaliweka gato magotini.

Tony alikuwa anakimbia zaidi kidogo ya alivyosema baadaye. Kutoka njia ya pembeni ikatokea pikipiki iliyobeba godoro. Dereva wake hakuonekana kabisa, ni kama godoro lilikuwa linajiendesha lenyewe. Tony akalikwepa. Akakanyaga breki. Mbele kulikuwa na lori la mchanga, limesimama.

Kishindo.

Chancelle aliona weupe tu. Kitambaa kigumu kilimpiga usoni, kisha kikalegea kama mtu aliyechoka. Masikio yalilia. Kulikuwa na harufu ya kiberiti na unga mweupe hewani. Mkanda ulikuwa umemkamata kifuani, ukamshika. Mikono iliwaka moto, ngozi imechubuka. Akatazama magoti yake.

Gato halikuwepo. Lilikuwa kwenye kioo, kwenye paa, kwenye nywele zake. Magotini kulibaki kipande cha katoni.

"Léo!"

Léo akajibu kwa kilio kikubwa, kizuri, cha mtoto mzima aliyekasirika. Alikuwa ndani ya kiti chake, mashavu yamelowa machozi, bila mkwaruzo.

"Chérubin!"

"Papa, rudia tena!" akasema Chérubin.

"Mama!"

Kilemba kilikuwa kimemshuka Koko mpaka puani. "Niko hapa," sauti ikatoka chini yake. "Nani amezima taa?"

Tony akageuka, uso mweupe kwa unga. Léo akamwona, akaacha kulia, akamshangaa.

Koko akainua kilemba. Akautazama mfuko uliolala mbele ya Chancelle. Akayatazama magoti ya Chancelle, matupu.

"Hapo njo nilitaka kukaa naye," akasema.

"Ndiyo, Mama."

Koko akanyoosha mkono, akashika bega la mkwe wake, bega lililojaa sukari. Hakuliachia mpaka watu walipofika kufungua milango. Kisha akalamba vidole.

"Gato lilikuwa tamu."

Walipelekwa kituo cha afya. Muuguzi aliwapima wote, mmoja mmoja, hata wale waliosema hawana kitu. Chancelle alipakwa dawa mikononi. Wengine walikuwa wazima. Sherehe ikaanza saa tisa badala ya saa sita, na samaki wakaliwa bila gato.

Siku ya pili Gaspard alikuja kuliona gari. Chancelle alikuwa amekwisha kuuchunguza ule mfuko.

"Papa Gaspard, mushono wake ni muzima. Niukunje, niushone ndani tena?"

"Apana, mama! Mufuko ukitoka mara moja, umemaliza kazi. Fundi anaweka mupya. Na viti vya watoto pia: vikipata ajali, ata kama vinaonekana vizima, tafuteni vingine. Hivi mukate mikaba, muntu mwingine asivitumie."

Gari lilingoja vipuri mwezi mzima. Lilipotoka kwa Gaspard, Chancelle alilivisha upya. Safari hii usukani ulibaki uchi, na ile sehemu ya mbele pia. Kwenye kila kiti aliacha nafasi, akaizungushia uzi mwekundu, ili mkanda upite na kila mtu auone. Watu wakapenda. Magari mengine yakaanza kuja Kataki kuvishwa, na kila mteja huulizwa kwanza: "Watoto ni wangapi, na wanakaa wapi?" Anayetaka malinda mbele anajibiwa, "Hapo sivishi," naye anasikilizishwa habari ya papai mpaka mwisho.

Mwezi uliopita, jirani yao Hélène alibatizisha mtoto wake. Mume wake alikodi gari. Mama yake Hélène, ndoyi wa mtoto, alikuja amependeza, manukato yakimtangulia. Mkwe wake, kwa heshima zote, akamfungulia mlango wa mbele.

Yule mama akakitazama kiti. Akamtazama mkwe wake kutoka viatu mpaka kichwa.

"Mimi?" akasema. "Mimi njo mulinzi?"